Lweba: Kasiksi, mutobe na kazi ya kutosahau nyumbani

LWEBA, Fizi – Jua lilikuwa limekwisha kupanda juu ya Ziwa Tanganyika na wavuvi wa usiku walikuwa wanaanika ndakala mchangani, wakati mama mmoja mhami alipopiga hodi kwenye lupango la bibi mmoja wa hapa Lweba. Mama huyo alishuka kutoka milimani na watoto wanne, na sasa analala kwa jamaa waliompa chumba kimoja. Wakaaji wamezoea kuona wahami wakiomba chumvi, unga au sufuria. Huyu hakuomba kitu cha kupika.

"Bibi, shikamoo. Wameniambia ya kwamba kwako kuna mtumbwi wa kukamulia ndizi," alisema.

Bibi akamtazama kwanza, kisha akamkaribisha kwenye mkeka. "Mtumbwi upo, mwanangu. Lakini una miaka mingi haujaona ndizi. Unataka kufanya nini?"

Mama akaeleza. Mtoto wake wa kwanza, kijana wa kiume, amechumbia msichana ambaye jamaa yake nayo ilikimbia vita na kupata hifadhi upande wa Mboko. Wazee wa msichana wamekubali kupokea ugeni. Mbuzi hakuna, waliachwa kule juu. Ng'ombe ndio usiseme. Lakini kwa desturi ya ukoo wao mtu haendi kutaja jina la msichana mikono mitupu. Lazima upande wa kijana ufike na pombe, na wazee wa pande mbili waionje mbele ya watu. Baba mdogo wa kijana alitaka wangoje mpaka vita iishe. Mama alikataa. "Vita haitwambii itaisha siku gani," alisema, "na watoto wanazeeka."

Hivyo ndivyo maneno ya kasiksi yalivyorudi katika lupango hilo, ambamo hayakutajwa kwa muda mrefu. Na hayakurudi kwa amani.

Bibi huyo, anayekaribia miaka 70, anajua kukimbia. Vita ya 1996 ilipofika Fizi alivuka ziwa na watoto wake kama maelfu ya wengine, wakatua Kigoma, na kutoka hapo wakapelekwa kambi ya Nyarugusu katika wilaya ya Kasulu, kambi iliyofunguliwa mwaka huo huo kwa ajili ya Wakongomani. Wengine waliofuata walipelekwa Lugufu. Wengi wa wasomaji wa hapa wana mzazi, ndugu au kaburi katika moja ya kambi hizo.

Ni kule Nyarugusu mwanawe alikotaka kuoa. Swali lilikuwa lile lile la mama mhami: tutaoaje hapa ugenini, bila shamba, bila migomba, bila mtungi? Wazee wa kambi waligawanyika. Wengine walisema ndoa bila pombe ya wazee ni maongezi tu. Wengine walisema kambi si kijiji, na Mungu anaona. Akina mama fulani walikuwa wakipika pombe kwa mahindi ya msaada na kuiuza, wapate faranga za sabuni na za daftari. Mmoja wao akampa bibi shauri kwamba afanye vile vile: achukue posho ya mwezi, aloweke, amalize.

Bibi alikataa kwa neno ambalo jamaa yake inalirudia hata leo: "Mahindi ya mtoto hayaingii mtungini."

Aliuza kitenge chake kimoja kwenye soko la pamoja, pale wakimbizi na wenyeji Waha walipokuwa wakiuziana vitu, akanunua mikungu ya ndizi. Kwa kuwa hakuwa na mtumbwi wa mbao, alikamulia ndani ya beseni. Kwa kuwa hakuwa na mtungi, alitumia bidoni ya lita 20 iliyokuwa ya kuchotea maji. Wazee wakaonja, wakakunja uso kidogo kwa sababu ya harufu ya plastiki, wakacheka, wakabariki. Mwanawe akaoa.

Usafirishaji wa hiari kwa meli, kutoka Kigoma mpaka Baraka, ulianza mwaka 2005. Bibi alirudi miaka miwili baadaye na wanawe, wakwe na wajukuu. Alikuta nyumba imeanguka. Mtumbwi wa kukamulia, uliochongwa na marehemu mume wake, aliukuta kwa jirani aliyekuwa akilishia nguruwe. Aliudai, akauosha kwa majivu, akauegemeza nyuma ya nyumba. Akakamua mara chache, kisha akaacha.

Sababu ya kuacha inajulikana na kila mtu ndani ya lupango. Mwana yule aliyeoa kwa kasiksi ya bidoni sasa ni mzee wa kanisa, na kanisa lake halikubali pombe. Jioni ile aliporudi na kumkuta mama mhami kwenye mkeka, alimsikiliza kwa heshima, akampa pole ya safari, akangoja mpaka ameondoka. Kisha akasema: "Mama, katika lupango hili pombe haitapikwa."

"Wewe mwenyewe ulioa kwa nini?" bibi akauliza.

"Nilioa kwa kasiksi, sikatai. Lakini mama, angalia vijana wetu. Wangapi tumewazika kwa ajili ya lutuku?"

Bibi hakumjibu. Kila mmoja hapa anajua anachokisema. Lutuku, ile pombe kali inayotoneshwa kwa moto kutoka mahindi na mihogo, inauzwa kwa kipimo kidogo kwa bei ambayo hata kijana asiye na kazi anaipata. Wahami waliopoteza shamba na kazi kwa siku moja ndio wanaoingia humo upesi. Mtu hawezi kusifu pombe ya mababu na kufumba macho mbele ya hilo. Kasiksi na lutuku si kitu kimoja: kasiksi inachacha polepole, inanywewa katika siku mbili tatu kabla haijaharibika, na desturi inataka inywewe na watu wakiwa wengi, wakubwa wakiangalia. Lutuku haina mkubwa wala siku. Lakini hata kasiksi inalevya, na mwana hakuwa na kosa kuogopa.

Usiku ule bibi hakulala vizuri. Alichokumbuka ni sauti ya mpwa wake, ambaye alitoka Nyarugusu kwenda Marekani, katika jimbo la North Carolina, pamoja na jamaa nyingi za Kikongomani zilizopokelewa huko. Mpwa huyo anafanya kazi kiwandani na hutuma sauti kwa WhatsApp kila Jumapili. Safari moja alisimulia jambo lililomshangaza, na bibi aliitunza sauti hiyo katika simu ya mjukuu wake.

Wafanyakazi wenzake walikuwa wamempeleka mlimani, mahali paitwapo Grandfather Mountain. Huko, kila mwaka mwezi wa saba, tangu 1956, wanakusanyika watu ambao mababu zao walitoka Scotland, ile nchi ya kaskazini ya Uingereza. Alikuta wanaume wazima wamevaa sketi za miraba, kila ukoo na rangi zake. Alikuta zumari zenye mfuko wa hewa, watoto wa kike wakicheza ngoma ya mababu zao, na wanaume wakirusha magogo marefu kama nguzo za umeme. Alisikia watu wakiitana kwa koo, kama vile hapa mtu anavyoulizwa: wewe wa ukoo gani? Baadaye, walipokwenda kula, wenzake walikunywa bia ya shayiri ya rangi ya udongo mwekundu wanayoiita eli, wakamwambia ndiyo bia ya kwao.

"Mama mkubwa," mpwa alisema katika sauti ile, "nikawauliza, ninyi mlifika hapa lini? Wakanijibu: babu wa babu zetu walifika kabla nchi hii haijapata uhuru. Ni zaidi ya miaka mia mbili! Wengi hawajawahi kuiona Scotland. Na sisi, miaka ishirini tu, watoto wangu hawajui kusalimia kwa Kibembe."

Waskoti si wageni kabisa wa ziwa hili. David Livingstone alikuwa Mskoti, mzaliwa wa Blantyre. Ndiye Henry Stanley aliyemkuta Ujiji mwaka 1871, na wawili hao wakapanda mtumbwi wakaenda mpaka ncha ya kaskazini ya Tanganyika, wakaona kwa macho yao kwamba mto Ruzizi unaingia ziwani wala hautoki. Wazee wetu waliosoma shule za misheni walijifunza jina lake. Jambo ambalo shule haikuwaambia ni kwamba watu wa milima ya kwao Livingstone nao walijua maana ya kunyang'anywa mambo yao. Baada ya kushindwa vitani Culloden mwaka 1746, serikali ilitunga sheria ya kuwakataza wanaume na vijana wa milimani kuvaa yale mavazi ya koo. Sheria ilidumu mpaka 1782. Wengi walifukuzwa mashambani ili kondoo wapate malisho, wengine wakapanda meli kwenda Marekani na Kanada. Leo vazi lile lililokatazwa ndilo linalovaliwa harusini.

Walifanyaje? Mpwa aliuliza, naye akaambiwa. Wana tarehe. Tarehe 30 Novemba ni siku ya Mtakatifu Andrea, mlinzi wa nchi yao. Tarehe 25 Januari ni siku aliyozaliwa mshairi wao Robert Burns, mwaka 1759, na jioni hiyo popote walipo wanakula chakula kiitwacho hagisi: moyo, maini na mapafu ya kondoo, vikichanganywa na nafaka na kupikwa ndani ya tumbo la mnyama. Mtu mmoja anasimama na kutamka shairi mbele ya sahani, wengine wanainua bilauri. Na katika kila sherehe mtoto anapewa kazi. Anacheza, anapiga zumari au anasoma. Hatazami tu wakubwa wakinywa.

Neno hilo la mwisho ndilo lililomwamsha bibi kabla ya jogoo. Akaliona kosa lake. Tangu arudi kutoka Nyarugusu alikuwa ameulinda mtumbwi, lakini hakuna mtoto hata mmoja aliyemwonyesha unatumikaje. Mjukuu wake wa miaka 17 alizaliwa hapa hapa Lweba, naye hakujua kutofautisha ndizi ya kukamua na ndizi ya kupika.

Asubuhi bibi alimwita mwanawe na kumwekea mbele maneno matatu. La kwanza, hakuna punje ya msaada itakayoguswa. Ndizi zitanunuliwa kwa mchango. La pili, sehemu kubwa ya maji ya ndizi itanywewa ikiwa mutobe, yaani tamu kabla haijachacha, ili watoto, wakristo na mama wajawazito wote washike kikombe. La tatu, bidoni moja tu itaachwa ichache, kwa ajili ya wazee wa pande mbili, wala haitauzwa hata kikombe.

"Na wewe utakaa pamoja na watu," akaongeza. "Utakunywa mutobe. Hakuna kanisa linalokataza ndizi."

Mwana alicheka bila kutaka. Alisema ataomba kwanza. Siku ya pili alileta mkungu mmoja begani, akauweka chini bila neno.

Kazi ilichukua wiki nzima na zaidi. Mjukuu na mama mhami walichimba shimo, wakalitandika majani ya mgomba, wakapanga ndizi zilizokomaa lakini bado mbichi, wakafunika kwa majani na udongo, wakapitisha moshi pembeni ili joto liingie. "Siku ngapi?" mjukuu aliuliza, akiwa na simu mkononi anaandika. "Mpaka zikuite," bibi akajibu. Mjukuu akaandika: siku nne, labda tano, harufu itasema.

Siku ya tano walifukua. Ndizi zilikuwa za njano, laini, na nyuki walifika kabla ya majirani. Wakamenya, wakazitia ndani ya mtumbwi pamoja na majani makavu marefu, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Mtu anakanda na kusukuma mpaka majani yaishike nyama ya ndizi na kuachia maji matupu. Mjukuu alichoka upesi. Mama mhami akaingia, mikono ikakumbuka, na kwa mara ya kwanza tangu afike Lweba watu walimsikia akiimba. Watoto wake wanne walikaa pembeni na vikombe. Maji ya kwanza waliyapewa wao. Huo ndio mutobe, na hakuna soda inayoushinda.

Yaliyobaki yalichujwa na kuongezwa maji kidogo. Katika bidoni ya wazee bibi alitia mtama uliokaangwa na kusagwa, akafunika kwa majani ya mgomba, akaifunga kwa blanketi kama mtoto mwenye homa. "Kesho itaanza kuzungumza," alimwambia mjukuu, na kweli kesho yake, mtu akitega sikio, alisikia inachemka polepole bila moto.

Jirani mmoja, mkimbizi kutoka Burundi ambaye alipita kambi ya Lusenda, alikuja kuangalia. Kambi hiyo ya hapa Fizi ilifunguliwa mwaka 2015 kuwapokea Warundi, wakati watu wa Fizi wenyewe bado walikuwa Nyarugusu. Alieleza jinsi kwao wanavyofanya impeke, pombe ya mtama: wanaloweka nafaka, wanaiacha iote, wanaikausha, wanaisaga, wanapika, wanachachisha. Mtungi unawekwa katikati na wakubwa wanaketi kuuzunguka, kila mmoja na mrija wake. Mjukuu akagundua kwamba ni karibu njia ile ile ya Waskoti na shayiri yao: nafaka ioteshwe kwanza ndipo iwe kimea, kimea ndicho kinachotoa utamu, na utamu ndio unaochacha. Wakaitonesha kwa moto, inakuwa wiski, kama vile hapa inavyokuwa lutuku. "Basi na wao wana lutuku yao," bibi alisema, "na nina hakika nao wana mama wanaolia."

Siku ya ugeni, jamaa ya msichana ilifika kwa miguu na kwa pikipiki. Walikaa chini ya mwembe. Bukari ilikuwepo, na sombe, na mikebuka michache iliyotolewa na wavuvi kama mkopo. Baba mdogo wa kijana, yule aliyetaka kungoja, ndiye aliyesimama na kibuyu. Alieleza bila kuficha: hatuna mbuzi, hatuna nyumba, tunalala kwa watu, lakini hatukuja mikono mitupu. Mzee wa upande wa msichana alipokea, akamwaga kidogo chini, akaonja. Akanyamaza muda mrefu kiasi kwamba mama mhami alishika kitambaa chake kwa mikono miwili.

"Hii imekamuliwa na nani?" mzee akauliza.

Wakamsukuma mjukuu mbele. Mzee akamwambia kwamba ameizidisha maji kidogo, na kwamba safari ijayo mtama ukaangwe zaidi. Kisha akampa kibuyu mwenzake. Watu wakapiga makofi, maana mtu hakosoi pombe aliyoikataa.

Mzee wa kanisa aliomba sala ya kufungua na ya kufunga, akanywa vikombe vitatu vya mutobe. Bidoni moja iliisha kabla jua halijazama, na hakuna aliyerudi nyumbani akiyumba. Mali yenyewe bado ni deni. Wazee walikubaliana kwamba mbuzi watahesabiwa siku watu watakaporudi milimani, na maneno hayo yaliandikwa kwenye daftari la shule na kutiwa saini pande zote mbili.

Mjukuu alimtumia mpwa wa North Carolina picha na sauti. Jibu lilikuja usiku: watoto wake wanauliza kama ndizi za dukani kule Marekani zinaweza kukamuliwa. Bibi alisema wajaribu, wakikosa majani watumie kitambaa kisafi, na wasisahau kumpa mtoto mdogo kikombe cha kwanza.

Mtumbwi haujarudi nyuma ya nyumba. Umebaki ukumbini, umeoshwa, na akina mama wawili wahami wa upande wa barabara wamekwisha kuuliza zamu yao. Sharti la bibi ni moja: kila atakayeuazima aje na binti yake au mtoto wake wa kiume, akae, akande mpaka mikono imuume. Nyuma ya jiko, shimo limechimbwa tena. Mjukuu amefunika mikungu mitatu juzi, na kila asubuhi kabla ya kwenda shule anainama kunusa.